Msuko Umeshika

Tusidanganyane, msusi yule alikuwa na mkono mzito, na wateja walimpendea huohuo. Msuko wake ulikaa wiki na wiki bila unywele kuchomoza. Mtu akilalamika kwamba vipele vimemtoka kwenye paji la uso, alijibiwa kwa kicheko, "Basi jua msuko umeshika." Saluni nzima iliamini hivyo. Kipele ndicho kilichokuwa muhuri wa kazi nzuri.

Kichwa alichokishughulikia kuliko vyote kilikuwa cha binti wa marehemu dada yake. Alimchukua akiwa mchanga, akamlisha, akampeleka shule, hakumpunguzia kitu. Ila kubembeleza, hapana. Dada yake alipozikwa alijikaza kisabuni, na tangu siku hiyo akabaki hivyo hivyo, mkavu. Kila Jumamosi, kabla wateja hawajaingia, alimkalisha mtoto katikati ya magoti yake akamsuka. Mtoto wa nyumba ya msusi akitembea na kichwa timutimu, nani atakuja kusukwa hapo?

Vipele vya mtoto vilipoanza kutunga usaha, alipaka mafuta mazito akasuka juu yake, watu wasione. Ngozi ya juu ya masikio ilipoanza kung'aa, akavuta nywele za nyuma zije zifunike. Jamani, hakuwa mbaya huyu mama. Alificha aibu kwa ufundi aliokuwa nao. Mpaka siku moja anafumua, mstari mzima wa msuko ukamng'okea mkononi, mizizi imelowa usaha. Akafunga saluni na wateja wamekaa, akamkimbiza mtoto hospitali roho juu.

Daktari wa ngozi, mwanamke wa makamo asiye na haraka, alisogeza taa, akakagua kichwa kwa kioo cha kukuzia, akachovya pamba kwenye kipele kimoja ili usaha ukapimwe.

"Kila unywele una kishimo chake," alisema. "Ukivutwa mno bila kupumzishwa, kishimo kinajeruhiwa, vijidudu vinaingia. Mafuta nayo yanazidi kukiziba. Huku nyuma tumewahi. Atameza vidonge, ataoga kwa sabuni ya dawa, na asisukwe kabisa."

"Na huku juu ya masikio?" msusi aliuliza.

Daktari alimshika kidole, akakipitisha juu ya sikio la mtoto. Palikuwa laini, hapana hata kishimo.

"Hapa pameshakuwa kovu. Hazitaota tena, dada yangu. Sitaki kukupa matumaini ya uongo."

Msusi aliitikia "haya", kama aliyeambiwa asubiri kidogo. Lakini vidole vyake mwenyewe vikamchukiza.

Wakakaa kwenye benchi kungoja dirisha la dawa lifunguliwe. Alimtazama mtoto, amejifunga kitambaa cha saluni kichwani, miguu inaning'inia.

"Kumbe ilikuwa inakuuma?"

"Sana, mamdogo."

"Sasa mbona ulikuwa unanyamaza, mwanangu? Mimi ningejuaje?"

Mtoto alichezea kifungo cha sweta.

"Ningesema, ungeacha kunisuka." Akafikiri kidogo. "Na siku nyingine huwa hunishiki."

Hakumlaumu. Alilisema kama mtu anayetaja siku za shule. Msusi, ambaye hata makaburini hakutoa chozi, alilia pale mbele za watu na pua ikamtiririka, na hakujali nani anamwona. Akainua mkono taratibu, si kwa kazi yoyote, amwekee tu kiganja kichwani.

Mtoto aliuona mkono unakuja. Akakaza shingo, akashika magoti yake kwa mikono miwili, akafumba macho, akangoja.