Huenda na Sasa

Simu ya kinyozi ililia mlio wa kuamsha wafu. Akainyamazisha, akarudi kwenye kichwa cha mteja.

"Watu wa hali ya hewa wamesema nini?" akauliza mama mkwe wake kutoka kwenye benchi. Alikuja kumjulia hali binti yake, goti likamgomea, sasa anashinda pale kibandani akikagua vichogo vya watu.

"Mafuriko ya ghafla, mama. Kama jana tu. Jua lote hili, maji yatoke wapi, kwenye jasho langu?"

"Hebu nisomee, baba."

Akasoma kwa kuburuza maneno, kama mtoto aliyetumwa dukani katikati ya mchezo: onyo, mafuriko ya ghafla, ninyi mlio kando ya mkondo, pandeni juu sasa.

"Jana walisema huenda yakaja. Neno 'huenda' ni la kujiandaa, mwanangu. Neno 'sasa' ni la miguu! Mvua si lazima ikunyeshee wewe. Inanyesha kule milimani, mkondo unakuletea."

Kinyozi akachungulia dirisha la nyuma. Mkondo, mkavu tangu asubuhi, ulikuwa na utepe wa maji ya matope uliobeba vijiti na povu. Hajapepesa macho vizuri, utepe umekuwa na upana wa barabara.

Mteja hakungoja kioo. Alitimua mbio, nusu kichwa kimenyolewa.

"Nenda na wewe," mama mkwe akasema. "Goti hili litakuponza."

Kinyozi akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo.

"Wee! Nimpande mkwe wangu? Watu watasemaje?"

"Watasema tuko hai. Panda, mama!"

Akapanda. Alikuwa mzito kuliko heshima yote aliyopewa tangu siku ya posa. Nje, maji yalimshika kinyozi vifundoni, kisha magotini. Akadaka reli ya ngazi za kupandia shuleni kilimani, akajivuta. Nyuma yake kiti cha kunyolea kilielea, kikaenda zake bila kuaga.

Juu kabisa akasema akihema, "Tumefika, mama. Shuka basi."

Mama mkwe akazidi kumkumbatia shingo. "Ngoja kwanza. Acha nimshukuru Mungu nikiwa bado nimekushika."

"Mshukuru na kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa nimeshainyamazisha simu. Asante, mama."

Akasimama hivyo hivyo, mama mkwe mgongoni. Na mama mkwe, akianza kuomba, si mtu wa kufupisha.