Nakala Mbili Zisizofanana

Fundi wa gemu wa mtaa ule walimwita Bado. Mteja akija kuulizia mashine yake, jibu lilikuwa lilelile, "bado kidogo," mpaka jina alilopewa na mama yake likasahaulika. Lakini kazi ikitoka mikononi mwake ilikuwa kazi kweli, na yeye mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Mtu akishazoea kusifiwa, kuuliza njia humwia vigumu.

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake. Upande mmoja ilikuwepo meza yake, na taa ya shingo ndefu na visahani vya skrubu. Upande wa pili ilikuwepo cherehani ya mkewe. Katikati hapakuwa na pazia. Mke alisikia shida zote za mashine za watu, na mume alijua nguo ya nani imembana. Kwa hiyo mke wa Fundi Vyuma alipoingia asubuhi moja amebeba mashine ya gemu iliyofungwa kwenye shuka, alikuwa anawaeleza wote wawili.

Fundi Vyuma alikuwa mchomeaji, rafiki wa Bado tangu ujana. Ugonjwa ulimkunja vidole vyote vya mikono, vikagoma kunyooka. Mchomeaji asiyeweza kushika koleo atachomea nini? Akawa mtu wa kulala akitazama ukuta, hadi Bado alipomtengenezea pedi ya kuchezea gemu: kipande cha ubao, na juu yake vishikio vikubwa vya droo, vya kubonyezwa kwa kiwiko na kiganja. Tangu hapo kila alasiri wanaume walijazana chumbani kwake kucheza mpira wa kwenye skrini, na yule aliyelishwa kwa kijiko aliwafunga mmoja baada ya mwingine huku akiwauliza kama wametumwa na wake zao waje waaibike. Mungu alikuwa amemrudishia nafasi yake kati ya watu.

Sasa mashine ilikuwa imejisasisha. Mke wa Fundi Vyuma alikuwa anafuta vumbi, skrini ikaleta maneno mengi, naye akabonyeza "kubali" ili yaondoke. Toleo jipya lilikataa pedi yoyote isiyotoka kiwandani kwao. Fundi Vyuma alikuwa amerudi kuutazama ukuta.

"Shemeji, kidole kilikuwa changu," alisema yule mama. "Nirudishie tu ilivyokuwa."

Bado alimwambia aende akapumzike, hilo ni jambo dogo. Na kwa fundi mwenye kifaa kinachofaa, kweli ni dogo. Programu inayoendesha mashine hukaa kwenye chipu moja ndogo juu ya bodi. Unaibana ile chipu kwa kibanio chenye meno membamba, waya za kibanio unaziunganisha na kifaa cha kuflashi, yaani cha kusoma na kuandika chipu, na kifaa hicho unakichomeka kwenye kompyuta. Kwanza unasoma kilichomo na kukihifadhi, maana kila mashine ina ufunguo wake wa namba humo ndani usiofanana na wa mashine nyingine. Ufunguo huo ukipotea, umebaki na jiwe. Baada ya hapo ndipo unaandika toleo la zamani, na ule ufunguo unaurudisha mahali pake. Kanuni ya kazi hii ni moja: soma mara mbili, linganisha nakala zako, na zisipofanana usiandike kitu.

Shida ilikuwa kifaa. Bado alikuwa na kile cheusi cha bei rahisi ambacho mafundi wote huanza nacho. Kilimfaa kwa chipu nyingi, lakini umeme wake ulikuwa mkali, na chipu ya mashine hii ilitaka umeme mdogo. Aliye na kifaa chenye swichi ya kupunguza umeme alikuwa mmoja tu mtaani, naye ni Kidevu, mdogo wa mke wake. Kidevu alijifunzia kazi kwenye meza hiihii. Alipofungua kibanda chake na kununua kifaa kile, alikuja kwa heshima zote kumwambia shemeji yake kwamba akikihitaji asisite. Bado alicheka mbele ya wateja. Alisema fundi wa kweli anaflashi hata kwa waya wa kuanikia nguo, na kwamba anayenunua swichi ni yule asiyejiamini. Maneno yale yalizunguka mtaa mzima, na Kidevu hakukanyaga tena pale mlangoni.

"Si uazime kile cha mdogo wangu?" mke alimuuliza, macho yakiwa kwenye mshono.

"Nikapige hodi kwa mwanafunzi wangu?"

"Mwanafunzi naye ana mlango."

Bado aliwasha taa, akafungua mashine, akaibana chipu kwa kibanio na kuchomeka kile cheusi. Akasoma mara ya kwanza, akahifadhi. Akasoma mara ya pili, akahifadhi. Alipozilinganisha, kompyuta ilimwambia hazifanani.

Hapo ndipo alipotakiwa kuinua mikono. Badala yake alijiambia kwamba kibanio kimecheza kidogo, kwamba nakala ya pili inaonekana safi zaidi, kwamba miaka yote hii kifaa hiki hakijamwangusha. Akachukua ufunguo kutoka nakala hiyo ya pili, akaandika toleo la zamani alilokuwa nalo kwenye kompyuta, na kifaa kikachafua maandishi kama kilivyochafua usomaji. Alipowasha mashine, taa ya mbele haikuwaka. Akaiwasha tena na tena, jasho likimtiririka mgongoni, akaifunika kwa kitambaa kana kwamba imelala.

Yule mama aliporudi kuulizia, Bado alikuwa na jibu ambalo hata yeye hakujua limetoka wapi.

"Apdeti ilikuwa imeshaiunguza ndani," alisema. "Imefika kwangu ikiwa imekufa. Angalau ungeizima palepale."

Cherehani ilisimama. Yule mama alitazama kitambaa kilichofunika mashine ya mumewe, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeambiwa jambo alilokuwa akilijua.

"Basi ni mimi," alisema. Akamshukuru fundi kwa kuhangaika, akatoka bila kudai hata shuka lake.

Mkewe aliinuka kwenye cherehani. Alimwekea chakula, wakala. Walipoinamisha vichwa kusali, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, zamu ilikuwa ya mke. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, kisha akawaombea wanaobebeshwa mizigo isiyo yao, akasema amina.

"Zile nakala zilifanana?" mke aliuliza wakati anakusanya sahani. Kanuni ile alikuwa ameisikia ikifundishwa kwenye chumba kile mpaka angeweza kuifundisha mwenyewe.

"Hazikufanana."

Mke alienda kuosha vyombo. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Kesho yake Bado alikwenda kwa Fundi Vyuma. Njiani alijitungia maneno ya kuzunguka mbuyu, mengi na mazuri, na yote yakampotea alipofika mlangoni. Mgonjwa alikuwa amelala ubavu, mgongo ukitazama watu. Ile pedi ya ubao ilikuwa sakafuni, na mkewe alikuwa amepiga magoti akisugua kishikio kimoja kimoja kwa kitambaa chenye maji, ingawa hapakuwa na mashine ya kuichezea. Alikuwa amevimba macho. Ilionekana wazi kwamba katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyesema na mwenzake tangu jana.

Bado alibaki amesimama. Aliwaambia kwamba mashine ilifika kwake ikiwa nzima, ila imekataa pedi tu. Aliyeiua ni yeye, kwa kifaa kisichoifaa, kwa sababu aliona aibu kuazima kinachofaa.

Fundi Vyuma aligeuka polepole, akitumia viwiko. Alimtazama rafiki yake bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

"Mwambie yeye," alisema. "Mimi hukunisingizia."

Ikambidi Bado amgeukie yule mama na kurudia yote, sasa akimtazama yeye. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kitambaa kikidondosha maji mkononi mwake.

"Shemeji," alisema, "nimelala nikijiona mchawi wa mume wangu."

Bado aliondoka, akaichukua mashine na ile kompyuta yake, akapita katikati ya mtaa mchana kweupe hadi kwenye kibanda cha Kidevu, na palikuwa na wateja. Angeweza kungoja waondoke. Hakungoja. Alisema, wote wakisikia, kwamba amekuja kuazima kile kifaa alichokicheka, na kama mwenyewe ataona vema, basi amsaidie na mkono, kwa sababu wa kwake umeharibu. Mteja mmoja aliguna. Kidevu alivuta kiti.

"Karibu, mwalimu," alisema, wala hakuwa anatania, na neno lile lilimchoma Bado kuliko kejeli. "Ulichosoma mwanzoni ulihifadhi?"

Alikuwa amehifadhi. Kidevu alisogeza swichi kwenye umeme mdogo, akajaribu kuisoma chipu, akasema iko hai, imejazwa takataka tu. Kisha akafungua zile nakala mbili zisizofanana ubavu kwa ubavu, akashuka nazo mstari kwa mstari. Madoa yalikuwepo kila mahali, ila mahali pa ufunguo nakala zote mbili zilisema kitu kimoja.

"Mungu amekuachia tundu la sindano," alisema. "Shika kibanio, kisicheze."

Bado alishika. Aliyemfundisha Kidevu kushika kibanio alikuwa yeye, na sasa aliambiwa ashushe kiwiko, akashusha. Kidevu aliandika toleo la zamani pamoja na ule ufunguo, akasoma, akasoma tena, akalinganisha. Zilifanana. Taa ya mbele ikawaka.

Alasiri ile wanaume walijaa tena kwa Fundi Vyuma. Bado naye aliitwa acheze, akafungwa mabao hadi watu wakaacha kuhesabu. "Bado umo?" Fundi Vyuma alimuuliza, kiwiko kikishuka kwenye kishikio cha droo, na chumba kizima kikacheka. Mke wa Fundi Vyuma alicheka pia, pale mlangoni, lakini hakumtazama Bado.

Siku zilipita. Asubuhi moja Bado alimwona yule mama akija na mashine, safari hii imefungwa kwenye taulo. Feni yake ilikuwa inakoroma, mtaa wote ulishasikia. Bado alifuta meza kwa kiganja, akasogeza visahani vya skrubu kupisha nafasi.

Yule mama alifika mlangoni, akapunguza mwendo. "Habari za kazi, shemeji," alisema kwa sauti ileile ya siku zote.

"Salama, mama."

Akamsalimia na mwenye cherehani, akauliza hali za watoto, kisha akaendelea na njia, kuelekea kwa Kidevu.

Bado alibaki akiitazama nafasi aliyoiandaa mezani. Mkewe alikuwa amefika kwenye pindo la gauni refu, kitambaa kikimteleza.

"Njoo unishikie hapa," alimwambia.

Akaenda, akashika, wala hakukiacha kicheze.