Yowe Bila Mwizi

Jino la tatu halikuhitaji uzi. Lilitoka na tonge la ugali. Binti yangu Gladness akalitema kiganjani, akaliweka pembeni ya sahani palepale penye miiba ya sato, akaendelea kula. Hakulia. Nililichukua nikaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Lilikuwa gego, tena na mizizi yake yote.

Mimi ni kifungua mimba, na meno ya wadogo zangu wote niliyang'oa mimi. Jino la utoto likifika wakati wake hutoka jepesi, chini limekwisha kulika. Hili lilikuwa zima kama la mtu mzima, na Gladness alikuwa na miaka mitano tu.

Meno mawili ya kwanza tulikuwa tumeyashangilia. Mama mkwe wangu, Paskazia, ambaye nyumba ile ya mtaa wa Pasiansi ni yake na hakuna neno linalopita ndani yake bila yeye, alimshika mjukuu mkono wakaenda uani, wakayarusha juu ya bati na kuomba mapya. Alisema mtoto anayewahi kung'oka meno anawahi na akili. Shavu la kushoto lilipoanza kujaa, majirani wakanipongeza kwamba mtoto amenawiri, nami nikavimba kichwa. Kwetu mtoto akikua, sifa ni za mama. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kukua nako kunaweza kuwa ugonjwa.

"Mama," nikamwambia Paskazia, "hili jino halijafika wakati wake."

Alilichukua akaligeuza. "Kuna mkono wa mtu hapa," akasema.

Asubuhi shavu lilikuwa limelipita lile la jana, na sisemi kwa kutia chumvi. Jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa juu kidogo, likinitazama kutoka mahali pasipo pake. Mume wangu, Shimba, alikuwa ameomba tungoje hadi apewe ruhusa kazini. Alipomwona mtoto, habari za ruhusa zikaishia hapo. Tukachukua bajaji, Gladness mapajani mwangu, mama mkwe kando yangu akinong'ona sala kwa Kisukuma.

Hospitali walimchoma sindano nyembamba kwenye uvimbe, wakavuta walichovuta, wakaenda kukitazama. Kisha Daktari Mayala, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akatuita ndani. Alisema saratani. Baada ya hapo niliona midomo yake ikicheza tu, hadi mama mkwe alipogonga meza.

"Nani kamfanyia? Mimi nitajie mwizi wa afya yake."

Daktari hakucheka. "Kule kijijini kwenu Misungwi, mama, yowe likipigwa anatoka nani?"

"Kila mwenye miguu."

"Na mwizi akishakamatwa?"

"Tunarudi kulala."

"Basi na mwilini tuna walinzi, sungusungu wetu. Malaria ikiingia, wanapewa amri ya kuzaliana wawe wengi. Ikitoka, amri inakoma, wanatulia. Huyu mtoto ameugua malaria mara nyingi, wamezaliana sana. Katika kuzaliana huko, kwa mlinzi mmoja tu, kipande kinachotoa ile amri, tunakiita jeni, kilikatika mahali pake kikajipachika mahali pasipolala, amri ikawa haikomi. Sasa mlinzi huyo hana wa kumwambia basi. Anazaa usiku na mchana, na wanawe wanazaliwa na yowe lilelile."

"Na mwizi?"

"Hakuna mwizi, mama. Ni walinzi wenyewe."

Maneno hayo yalinitisha kuliko neno saratani. Mwizi unaweza kumfungia mlango. Huyu alikuwa ndani tangu zamani, anakula nasi.

"Kitoeni hicho kipande," Shimba akasema.

"Kila mtu anacho, baba. Wewe unacho, mimi ninacho. Bila hicho Gladness asingekua hata tumboni mwa mama yake. Tunachoweza ni kuziua seli zilizoharibika, na tunaanza leo. Uvimbe huu haungoji."

Wakamtundikia dripu ya dawa. Walisema uvimbe ukianza kufa takataka zake zote zitapitia kwenye figo, kwa hiyo mtoto anywe maji, anywe tena. Mama mkwe, aliyekuja na jina la mganga mfukoni, ndiye aliyeshika kikombe. Alimnywesha kwa nyimbo, nyimbo zikishindwa kwa vitisho. Wiki haikuisha, shavu lilikuwa limeshuka na jicho limerudi mahali pake. Wodi nzima ikamshukuru Mungu. Mimi niliogopa upya. Kitu kinachoondoka upesi namna ile, niliwaza, hakijasahau njia.

Nywele zilinyonyoka, zikaota. Daktari alisema uvimbe ukirudi utarudi mapema, mwaka ukipita tupumue. Mwaka ulipita, wenzangu wakapumua. Mimi kila nilipomwogesha vidole vyangu vilipita kwenye taya lake, na mtu akisema "huyu mtoto amekua," nililipapasa tena. Sikumnunulia gauni la kuzidi mwili wake. Nilinunua la siku ile tu.

Januari aliyoanza darasa la kwanza tulikwenda sokoni Makoroboi kutafuta viatu vya shule. Kijana muuzaji alimvika vilivyomkaa sawasawa, akabonyeza ncha kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Chukua namba ya juu, mama. Mtoto anakua huyu. Hivi mwezi wa sita vitakuwa vinambana."

Nilisimama pale nimeshika kiatu. Kijana alidhani bei imenishinda, akaanza kuipunguza mwenyewe. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nautazama mwezi wa sita.

Gladness alikwishaingiza miguu kwenye vile vikubwa. Alizunguka kati ya mafungu ya viatu, visigino vikichomoka.

"Vinanipwaya, mama."

"Utavijaza," nikamwambia, nikamlipa kijana kwa vile vikubwa.