Andika Agnes

Witness alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika masuala ya jinsia na wanawake. Alikuwa akipanda mara kwa mara kutoka kwao Lisekese, Masasi, hadi huko juu Newala, kuzungumza na wanawake kuhusu mashamba ya mikorosho. Katika kijiji cha Chilangala alimkuta Agnes, mjane wa makamo, akianika makopa ya muhogo uani.

“Shikamoo, Mama Godwin.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa. Nimesikia unachotafuta.”

Agnes hakuzunguka. Shamba lilikuwa la mama yake, na kabla ya hapo la bibi yake, maana kwao ardhi ilipita kwa wanawake. Alipoolewa akamwachia kaka yake, Bartholomayo, amtunzie. Wapimaji wa ardhi walipokuja, kaka akaliandikisha kwa jina lake mwenyewe. Tangu hapo Agnes hakuokota korosho pale mpaka aombe ruhusa.

Witness alimshukuru, akamweleza kwamba ndani ya tasnifu angempa jina jingine ili asijulikane.

Agnes akaacha makopa. “Unifiche?”

“Ndiyo utaratibu wetu, mama.”

“Wapimaji walinificha. Salfa ya kupulizia mikorosho inagawiwa kwa jina la kaka. Leo umetoka chuo kikuu, na wewe unakuja kunificha? Andika Agnes. Kama huwezi, nirudishie maneno yangu.”

Jioni ile Witness akampigia simu msimamizi wake, Dokta Shakila. Msimamizi huyo hakumung’unya maneno. “Kanuni inamlinda yeye. Wewe utaondoka, Witness. Yeye atabaki hapo na kaka yake.”

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Akarudi Chilangala, akamwambia Agnes vilevile alivyoambiwa, bila kupunguza.

“Nimebaki naye miaka yote,” Agnes akajibu. “Nani alinilinda?”

Walikuwa bado wanaongea Bartholomayo alipoingia uani, fimbo mkononi. Hakusubiri hata shikamoo. “Wewe msomi, umekuja kugombanisha ndugu! Futa ulichoandika, na hapa Chilangala usikanyage tena.”

Witness alikuwa amesoma mengi kuhusu wanaume wa namna hii, lakini hakuwahi kuwa hatua mbili tu kutoka kwa mmoja wao. Hata hivyo hakuinuka kuondoka. “Sifuti, mzee,” alisema. “Maneno si yangu.”

“Ni yangu,” Agnes akadakia, akasimama kati yao. “Kama ni kufuta, anza na mimi.”

“Unaaibisha ukoo, Agnes!”

“Ukoo upi? Watoto wako ni wa ukoo wa mama yao. Ukoo wetu unaendelea kupitia kwangu. Shamba umechukua, na ukoo nao unautaka?”

Majirani walikuwa wameshajaa njiani. Bartholomayo akageuka na kuondoka, akisema angeonana nao ofisi ya kijiji. Hakwenda.

Witness aliipeleka hoja mbele ya kamati ya maadili ya chuo. Mjumbe mmoja alimuuliza kama alijua hatari ya jambo aliloliomba.

“Najua. Yeye anaijua zaidi. Ninachoomba ni kwamba kanuni ya kumlinda mwanamke isitumike kumnyamazisha.”

Walibishana naye mpaka mchana ukaisha. Mwishowe wakataka kumsikia Agnes mwenyewe kwa simu. Akawatajia jina lake, la mama yake na la bibi yake, akawauliza kama wamesikia vizuri au arudie. Dokta Shakila akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Kamati ikaridhia jina la Agnes liandikwe. La kaka yake halikuruhusiwa, wala Witness hakuling’ang’ania.

Alitetea tasnifu yake, akafaulu. Agnes naye alifungua shauri katika baraza la ardhi, na mpaka leo halijaamuliwa. Lakini msimu wa korosho ulipofika hakungoja uamuzi wala ruhusa. Asubuhi na mapema alibeba kapu lake, akaingia shambani kwa mama yake, akaanza kuokota. Bartholomayo akapiga kelele kutoka barabarani, akamwita kwa jina tena na tena, watu wote wakisikia.

“Naam,” Agnes akaitikia, akainama chini ya mkorosho wa pili.