Wapimaji Hawakuona Ufa

Mtaa wetu una ugonjwa wa wageni. Mgeni akitajwa tu, watu hufagia hadi mahali ambapo hatakanyaga. Basi mvua ilipopiga wiki nzima, ikasemwa kwamba wapimaji wa ardhi watakuja kukagua nyumba zilizo chini ya mlima, watu walifanya wanachokijua. Walimwita baba yangu azibe nyufa.

Baba ni fundi wa plasta, na mtaani wanamwita Laini. Ukuta akishaupitia yeye, hata nzi huteleza. Redio ikitangaza tetemeko nchi fulani, kimbunga nchi nyingine, kijiji kizima kufukiwa na matope kwingineko, yeye hutikisa kichwa na kusema wenzetu hawajui kujenga. Alizunguka mtaa mzima na ndoo na mwiko wake, akitoka nyumba moja kuingia nyingine, anapiga mluzi.

Wapimaji walikuja wamevaa mabuti ya mvua. Walikuwa wakitafuta nyufa, maana mlima ukianza kusogea, kuta ndizo husema kwanza. Mtaa wa pili waliukuta umepasuka kila upande, wakauhamisha mchana ule ule. Wetu waliukuta unang'aa.

"Huku hamna shida," wakasema, wakaondoka.

Watu walimpongeza Baba kwa kuwaondolea aibu. Mimi nilikuwa nimekuja kumwona Mama, anayeumwa goti, na ukutani chumbani kwao nilikuwa nimeona plasta ikiwa bado mbichi.

"Baba, ule ufa wa chumbani kwenu umeuziba lini?"

"Jana."

"Na juzi?"

Alijifanya anaosha mwiko. "Na juzi pia. Saruji ya siku hizi, mwanangu, ni vumbi tu."

Usipoziba ufa utajenga ukuta: maneno hayo Baba humwambia kila mteja anayesitasita. Siku ile nilitamani aliyeyasema kwanza angekuwa na mlima nyuma ya chumba chake. Nilikasirika, nikachukua nyundo ya Baba, nikaingia chumbani kwao nikaupiga ukuta palipozibwa. Plasta ilidondoka bonge zima. Nyuma yake ufa uliumeza mkono wangu hadi kiwiko, na hewa ya baridi ikatoka humo, ikinuka udongo mbichi. Ndani kabisa kulikuwa na sauti ya kitu kinachosagika polepole.

Baba aliingiza mkono wake. Alipoutoa, aliutupa mwiko wake sakafuni. Sijawahi kumwona akiutupa mwiko ule, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Tumtoe mama yako," akasema.

Mama alikuwa kitandani, ametazama yote hayo, na hasira zake zilikuwa juu ya ukuta niliouharibu.

"Siendi popote. Wapimaji si wamesema hamna shida? Na nyumba hii kaijenga mume wangu, hakuijenga mpita njia."

"Mama, nakuomba."

"Niache na goti langu. Huyu kaniambia tangu nimeolewa kwamba ukuta wake hauanguki. Na haujaanguka."

Nilimgeukia Baba. Alikuwa amesimama, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mama watoto," akasema, "kazi yangu mbovu."

"Unasemaje wewe?"

"Mbovu. Yote. Nimeziba mtaa mzima kwa kazi mbovu. Inuka twende."

Mama akateremsha miguu, akanishika mabega, nikambeba mgongoni. Machozi yake yaliniingia shingoni njia nzima, na nilijua haililii nyumba.

Nilishuka naye kuelekea barabarani. Baba alipanda juu, akigonga mlango wa kila nyumba aliyoifanyia kazi.

"Tokeni! Kazi yangu mbovu! Tokeni!"

Watu walitoka kwa kicheko. Laini kukiri kwamba kazi yake mbovu? Hilo halijapata kusikika. Walitoka na vikombe vya chai mikononi, watoto kiunoni, wakaitana waje waone fundi aliyerukwa na akili. Kisha wakaniona mimi na mzigo wangu, wakashuka kwa haraka kuuliza Mama kafanywa nini. Niliendelea kutembea, nao wakanifuata, kwa maana umbea una miguu myepesi kuliko woga. Tulipofika ng'ambo ya barabara, mtaa mzima ulikuwa nyuma yangu.

"Mwite ashuke," Mama akaniambia sikioni.

Nilimwita. Baba alikuwa mlango wa juu kabisa, wa kinyozi, ambaye pengine alikuwa amelala, kwa kuwa hakufungua. Baba aliendelea kugonga kwa kiganja. Mtu mmoja kando yangu alikuwa akimwigiza sauti, "Kazi yangu mbovu!", na wenzake wanashika mbavu.

Nguzo ya umeme iliyo juu ya nyumba ya kinyozi iliinama. Halafu iliyofuata. Baba aligeuza uso akautazama mlima, kisha akaurudia mlango, akaanza kuupiga kwa mikono yote miwili.

Kicheko kilikatika chote kwa mara moja.