Pedi Mpya za Pijo la Operesheni

Mwaka ule wa sabini na nne Kondo alikuwa na haja moja tu duniani: mama yake, Bi Biasha, aachwe juu ya kilima chake mpaka amalize kuokota korosho. Baada ya hapo wamhamishie kijiji chochote wanachotaka. Mikorosho ile aliipanda marehemu mumewe, na bibi yule alikwisha kuapa kwamba atakayemwondoa kabla ya mavuno ajiandae kubeba maiti.

Kondo hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alikuwa fundi wa magari ya serikali, tena fundi aliyesoma kisomo cha watu wazima, jioni baada ya jioni kwa taa ya chemli, hata akaweza kufungua kitabu cha gari na kukisoma mwenyewe. Kwa hiyo alitumia akili. Mwezi wa nane zilipofika kutoka Dar es Salaam pedi mpya za breki za Pijo, gari la Ndugu Maftaha, mkuu wa operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, Kondo alizifunga katika kipande cha kanga, akazipandisha kilimani na kuzificha kwenye uchaga juu ya jiko la mama yake.

"Usiliguse furushi hili, mama."

"Dawa?"

"Dawa ya gari."

Halafu akaenda kumwambia Maftaha kwamba pedi mpya hazijaja, za zamani zimekwisha, na kwamba Pijo lisitembee. Aliona mambo yamekwisha. Maftaha si mtu wa kupanda lori pamoja na mgambo. Bila Pijo lake hatapanda kilima, na asipopanda, hakuna wa kuhamishwa.

Hesabu ilikuwa safi, ila ilimsahau Maftaha mwenyewe. Mtu yule hakuliegesha gari hata siku moja. Miezi mitatu alimlazimisha dereva wake, Klementi, kwenda hivyo hivyo, akipunguza mwendo kwa kushusha gia, chuma kikisaga chuma, mpaka watoto wa kijiji cha Kilangala wakawa wanaliigiza Pijo kwa kusaga meno.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja lori la mgambo lilipanda kilimani, na Pijo nyuma yake. Kondo alikuwa ndani ya lori na sanduku lake la spana. Aliamriwa kuja, hakuambiwa ni wapi. Walipofika juu, Klementi alishuka akifuta jasho.

"Fundi, pedali inaingia mpaka sakafuni. Waya wa breki ya mkono ndiyo hivyo tena, ulikatika tangu Ramadhani. Tazama, kaka, mimi nina watoto."

Kondo akapiga jeki, akafungua gurudumu la mbele. Pedi hazikuwapo, vilibaki vibati vyake vitupu. Diski, lile bamba la chuma linalobanwa na pedi ili gari lisimame, lilikuwa limechimbika matuta kama shamba la viazi. Akapitisha ukucha. Ukucha ukanasa. Akafuta vumbi kwa kitambaa, na pale akauona ufa, mwembamba, umeanzia katikati umefika ukingoni. Ufa ule hakuufanya Maftaha peke yake.

"Ndugu Maftaha, gari hili lisishuke kilima. Diski imepasuka."

Maftaha alikuwa anakula korosho za kukaanga za Bi Biasha, alizokaribishwa kwa adabu.

"Jana pedi, leo diski. Kesho utaniambia usukani una homa."

"Njoo uone mwenyewe."

"Mimi nione nini? Mimi naona nyumba ya mama yako bado imesimama. Hicho ndicho ninachokiona."

Mgambo wakacheka. Walikwisha anza kutoa vyombo: kinu, mkeka, vyungu. Bi Biasha kiburi chote kilikuwa kimemtoka mbele ya bunduki zao. Mara akakumbuka jambo, akarudi ndani, akatoka na kitu kifuani.

"Kondo, mwanangu, na hii dawa yako ya gari? Tunaiacha?"

Maftaha akalipokea furushi kwa mikono miwili. Akafungua kanga taratibu. Zikatoka pedi nne mpya, bado zina karatasi zake.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba."

"Mama umetusaidia sana. Zifunge, Ndugu Fundi."

Kondo alizifunga, akapampu pedali mpaka zikabana. Klementi akakanyaga pedali, akakenua. "Imeshika! Jiwe!"

"Itashika hapa tambarare," Kondo akamwambia Maftaha. "Kule chini itapata moto, ule ufa utafunguka, diski itavunjika, pistoni ya breki itachomoka na mafuta yake yote yatamwagika, breki hamna tena. Nakuapia kwa Mungu, ndugu yangu. Pedi niliziiba. Nifungeni. Lakini diski ni kweli."

"Pedi ulisema hazipo, zikapatikana," Maftaha akamjibu. "Diski nayo labda mama ameiweka chini ya kitanda. Mama wa fundi hapandi lori na mbuzi. Klementi, mpandishe mbele. Mimi nabaki na fundi, tuna paa la kuchoma."

"Basi nishuke nalo mimi kwanza!"

"Ukimbie nalo? Mshikeni."

Mgambo wawili wakamkamata mikono. Kondo akapiga ukelele, "Mama, usipande! Bovu hilo! Panda lori!"

Bi Biasha alikwisha kaa mbele, ungo mapajani, akapapasa kile kiti. Tangu azaliwe hakuwa amekalia kitu laini namna ile. Akamtazama mwanawe kwa mshangao wa mzazi.

"Bovu vipi, na wewe umelitengeneza sasa hivi mbele ya macho yangu?"

Klementi akatia gia.

Mteremko ule una kona tatu. Kwenye ya kwanza taa za breki ziliwaka, Pijo likapunguza mwendo vizuri, na Maftaha akamgeukia Kondo akitabasamu. "Umeona? Mwongo mkubwa." Akatoa kiberiti, akakitikisa sikioni. Gari likapotea nyuma ya mikorosho.

Kisha honi. Si honi ya kumpisha mtu; honi ndefu, moja, mkono umelala juu yake, ikikimbia kuteremka bonde. Mgambo waliomshika Kondo wakalegeza mikono bila kuambiwa. Honi ikaenda, ikaenda, ikakatika.

Kijiti cha kiberiti alichokwisha kuwasha Maftaha kikawaka vidoleni mwake mpaka kikamchoma.

"Imekuwaje?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusomewa barua.

"Diski," Kondo akasema.