Mawimbi Arobaini ya Bi Mwanakheri

Niliota usiku wa jana kwamba mawimbi ya ubongo wa Bi Mwanakheri yamekuja maabara kunitaka maelezo. Yalikuwa arobaini, yakaingia yote ndani ya sekunde moja, na hakuna lililokosa kiti.

Bi Mwanakheri ni mgonjwa wa kiharusi. Hasemi, hasogei. Ijumaa tulimvisha kofia ya nyaya, tukamwonyesha picha ya bintiye Salha, na mawimbi ya kasi ya ubongo wake, arobaini kwa sekunde, yakaruka kwenye kompyuta. Mimi, mhitimu wa juzi, niliyafuta. Niliandika: "Si ubongo, ni kelele za misuli. Mgonjwa ameuma meno." Chini yake, kwenye ripoti atakayosomewa Salha kesho, nikaongeza: "Hamtambui mwanawe."

"Kijana," linasema wimbi la mbele, "bibi yule ana meno mangapi?"

Nafungua faili lake nitafute.

"Hana hata moja!" yanajibu yote. "Ungemtazama mashavu ungejua. Wewe ulikuwa unatazama saa, uwahi wali."

Naona aibu mpaka masikio yanadondoka sakafuni. Nayaokota.

"Basi tunagoma," linasema wimbi la mbele. "Kazi yetu ni kukusanya vipande viwe kitu kimoja. Leo jikusanyie mwenyewe."

Hapo maabara inageuka jikoni kwetu. Mtu anaingia kwa mafungu: pua mlangoni, macho juu ya kabati, sauti bado iko njiani. Najua hii ni pua. Najua yale ni macho. Simjui mwenyewe ni nani.

"Shikamoo," naiambia pua, kwa tahadhari.

"Marahaba," sauti inafika, inahema. "Mama yako huyu, hunijui? Ndivyo unavyotaka Salha aamini kuhusu mama yake? Mpigie."

"Naona haya, mama. Nitamwambiaje?"

"Mwambie umekosea. Mdomo wako angalau uko mahali pake."

Mawimbi yanacheka. Naamka kabla sijapiga, shuka limelowa jasho.

Kumekucha. Kwenye simu kuna ujumbe wa Salha:

"Mdogo wangu, Mungu akubariki kwa kunipigia alfajiri na kukiri kosa. Nimemshika mama mkono, nimelia sana. Ila hao wenzako waambie siku nyingine wasiongee wote kwa pamoja, tena kwa kasi vile. Sikuambulia neno. Lakini mama aligeuza macho kwenye simu, akawa anawasikiliza."